Truecaller, simu za +222 na "ile hela": inakusaidia wapi, inakuacha wapi

Saa nane za usiku simu inaita mara moja, inakata. Asubuhi unakuta +222 ikifuatwa na tarakimu nane, na chini yake jina la nchi: Mauritania. Huna ndugu Mauritania wala huna mzigo Nouakchott, lakini kidole kinawasha. Huku kwetu kubip ni lugha: asiye na salio anabip, mwenye nalo anapiga. Mchezo huu Wajapani waliupa jina la wangiri, yaani iite mara moja ukate, na mtaji wake mkubwa ni mazoea hayohayo ya kurudisha simu.

Wengi huweka Truecaller siku ileile wanayonunua simu janja, wakiamini hapo wamemaliza. Ukweli ni kwamba inafanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo inayopita mfukoni.

Truecaller ilianza Stockholm, Sweden, mwaka 2009, na kazi yake ya msingi haijabadilika: kukutajia nani anapiga kutoka namba ambayo hukuihifadhi. Majina yake hayatoki NIDA, mamlaka ya vitambulisho ya Tanzania, wala kwenye usajili wa laini. Yanatoka kwa watumiaji wenyewe. Mwenye namba akijisajili anaandika jina analotaka, wengine wanapendekeza jina, wanaosumbuliwa wanaripoti. Ndiyo maana unakutana na "Fundi AC Kinondoni", "Boda wa Roysambu", "Mama Chapati" na "Usipokee Tapeli". Ripoti zikiwa nyingi, kioo kinageuka chekundu kabla hujapokea, na hapo programu hii inastahili sifa zote inazopewa. Kioo cha bluu ndicho kinachoponza watu. Bluu maana yake ni kwamba hakuna waliolalamika vya kutosha, basi. Laini iliyowashwa jana jioni na tapeli nayo ni bluu.

Kwa hiyo, kabla ya jina, soma namba.

Ile alama ya + inasimama badala ya tarakimu za kutokea nje: 000 ukiwa Tanzania, Kenya au Uganda, 00 ukiwa Uingereza, 011 ukiwa Marekani au Canada. Ukihifadhi namba kwa + simu inajipangia yenyewe popote ulipo. Baada ya + inakuja kodi ya nchi, tarakimu moja hadi tatu, halafu namba yenyewe bila ile sifuri ya mwanzo (Italia ni kichwa ngumu, simu zao za mezani hubaki na sifuri). Zote pamoja hazizidi 15, ndivyo ulivyo utaratibu wa ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano. Tarakimu ya kwanza inakutajia upande wa dunia: 2 ni Afrika, pamoja na visiwa vichache vilivyochomekwa humo kama Greenland yenye +299, 3 na 4 ni Ulaya, 5 ni Amerika ya Kati na Kusini, 6 ni Asia ya Kusini-Mashariki na Pasifiki, 7 ni Urusi na Kazakhstan, 8 ni Asia ya Mashariki, 9 ni Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini.

Kisha hesabu tarakimu. Namba ya kawaida ya +255, +254, +256, +250 ya Rwanda au +243 ya Kongo inafuatwa na tarakimu tisa. +257 ya Burundi na +968 ya Oman zinafuatwa na nane, +269 ya Komoro saba. Ukiona +255 halafu tarakimu kumi na moja, hiyo si laini ya mtu Tanzania, ni kitu kilichobandikwa na mashine. Zanzibar nayo haina kodi yake: +259 iliwahi kutengwa kwa ajili yake lakini haikutumika, na simu za mezani za Unguja na Pemba ni +255 24. Basi +259 ikikupigia, cheka tu.

Mtego ulionyooka kuliko yote ni +1. Mtu akiiona anasema Marekani, huyo shangazi wa Minnesota. Lakini +1 inabeba pia Canada na visiwa vingi vya Karibi, na kinachovitenganisha ni tarakimu tatu zinazofuata. 473 ni Grenada, 876 Jamaica, 809, 829 na 849 Jamhuri ya Dominika, 284 Visiwa vya Virgin vya Uingereza, 268 Antigua na Barbuda. Wamarekani wenyewe hunaswa hapo kwa sababu namba inaonekana ya nyumbani. Uingereza nayo ina kona yake: +44 7 mara nyingi ni simu ya mkononi, ila +44 70 ni kundi la "namba binafsi" zinazoelekezwa kokote duniani. Anayekuahidi kazi ya kuchuma matunda Uingereza kwa namba ya +44 70 anaweza kuwa amekaa mtaa wa pili.

Kwa nini kodi hizi na si nyingine? Ukipiga nje, mtandao wako unaulipa mtandao wa kule kwa kila dakika, na kwa baadhi ya nchi ada hiyo ni kubwa. Tapeli anapata kundi la namba huko kwa makubaliano ya kugawana mapato na mwenye nalo, mashine yake inabip maelfu ya watu kwa zamu, kisha anasubiri. Wewe ukirudisha simu, kazi yake inakuwa moja: kukuweka hewani. Utasikia muziki, au mtu anaongea polepole lugha usiyoijua, au ule mbaya zaidi, mlio wa "tuu... tuu..." uliorekodiwa. Unadhani haijapokelewa, kumbe dakika zinahesabiwa. Bando la kawaida la dakika kwa kawaida haligusi simu za nje, kwa hiyo kinachoteketea ni salio. Mwenye laini ya vocha anaumia hadi salio linapoisha. Laini ya ofisi inayolipiwa mwisho wa mwezi haina breki hiyo.

Kuona namba ya nje kwenye orodha ya simu zilizokupita hakukati chochote. Zile meseji za makundi ya WhatsApp kwamba ukipokea +92 wanafyonza M-Pesa yako, zifute. Kupokea peke yake hakutoi hela. Hela inatoka kwa namba ya siri.

Sasa ukiutazama mchezo huo vizuri unaona Truecaller inapokwama. Yenyewe inalinda mlango wa kuingilia, wakati wangiri inakula unapotoka. Isitoshe namba zake hubadilishwa haraka, kwa hiyo ya usiku wa leo inaweza kuwa haijaripotiwa na yeyote. Dawa ni kuacha kuhangaika na namba mojamoja na kuzuia kodi nzima, na hili Truecaller inalifanya vizuri kuliko programu nyingi za kupigia zinazokuja na simu.

Kwenye Android, kwanza ipe cheo. Ingia mipangilio ya simu, sehemu ya programu, halafu programu za msingi, uiweke Truecaller kuwa kitambua wapigaji na spamu. Ukiruka hatua hii itakutajia majina lakini mkono wa kukata simu haitakuwa nao, na hilo ndilo lalamiko la kila siku la "nimeblok lakini bado wananipigia". Kisha ndani ya programu fungua sehemu ya kuzuia na ubonyeze alama ya kuongeza. Unaweza kuzuia namba moja, jina la mtumaji wa meseji, kodi ya nchi, au mfululizo wa namba. Kwa Mauritania tumia kodi ya nchi. Kwa Karibi usiguse kodi, maana +1 yote ikizuiwa na shangazi anaondoka nayo. Tumia mfululizo, chagua "zinazoanza na", uandike +1473 kwa Grenada, halafu +1876, na kuendelea. Dakika tano zinatosha kuingiza zote.

Ipo pia swichi ya kuzuia namba zote za nje kwa mkupuo. Kwa mwenye duka Singida ambaye hajawahi kupigiwa kutoka nje, iwashe. Kwa mtu wa Unguja, Mombasa au Tanga ni kujikata mguu: mjomba akibadilisha laini Muscat, dada akipata namba mpya Dubai, mzee akipiga kutoka Ngazija kwa simu ya jirani, wote watagonga ukuta na wewe hutajua kwa nini kikao cha harusi kimekulalamikia.

Na kwa kuwa hasara iko kwenye kupiga, funga na upande huo. Simu za GSM zina amri ya zamani ya kuzuia laini isipige nje ya nchi: *331*nenosiri#, na nenosiri la kuanzia mara nyingi ni 0000. Kuifungua ni #331*nenosiri#. Si kila mtandao unaikubali. Ukikataa, waombe huduma kwa wateja wakufungie wao. Kwa simu ya duka inayoshikwa na kila kijana anayepita, au ya mtoto, hatua hii ina thamani kuliko programu yoyote.

WhatsApp ni uwanja mwingine. Anayekuandikia kwa +62 au +84 na kazi ya "kulaiki video ulipwe" si lazima awe Indonesia au Vietnam, kwani akaunti inafunguliwa popote mtu anapoweza kupokea tarakimu sita za uthibitisho. Kodi hapo inakutajia laini ilikosajiliwa, haikutajii kiti alichokalia mtu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, faragha, simu, uwashe kunyamazisha wapigaji wasiojulikana. Simu zao zitabaki kwenye orodha bila kukuamsha. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, ili hata akikulaghai tarakimu zako sita abaki nje.

Tuje kwenye kinachowaumiza watu wa huku zaidi ya Mauritania na Grenada zote. Nacho kinakuja na kodi ya nyumbani.

"Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja MARIAM." Meseji ina maneno machache tu, hata salamu haina, na imeshonwa kwa ufundi. "Ile hela" haitaji deni lolote, kwa hiyo inamnasa kila mwenye kodi ya nyumba, mchango au ada ya mtoto kichwani. Utamu wenyewe uko kwenye "jina litakuja". Mitandao yetu ina kinga nzuri: unapotuma pesa, jina la aliyesajili laini linatokea kabla hujathibitisha. Safaricom iliiita Hakikisha ilipoiingiza kwenye M-PESA mwaka 2015. Tapeli hawezi kuizima kinga hiyo, kwa hiyo anaitangulia. Anakuambia mapema jina gani utaona, nawe ukiliona unajisikia umehakiki, kumbe umehakiki maneno yake. Jina lenyewe ni la mtu ambaye huenda hajui kwamba laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho chake.

Truecaller hapa husaidia kidogo. Inaweza kuitupa meseji kwenye kapu la spamu ikiwa namba imeshachafuka, lakini laini hizi hubadilishwa kama soksi. Kinachofanya kazi ni kumpigia yule unayemdai au anayekudai kwa namba uliyonayo tangu zamani, usiijibu meseji. Ukitaka kumjua mwenye namba, anza muamala kama unamtumia, soma jina, kisha ghairi. Jina hilo limetoka kwenye usajili, kwa hiyo lina uzito kuliko lile la Truecaller, japo nalo si kiapo.

Baada ya hapo ripoti, maana kublok kunakusaidia wewe peke yako. Tanzania unaipeleka meseji ileile kwenda 15040, kisha unaombwa kuandika namba iliyokutumia. Kenya, wateja wa Safaricom hupeleka kwenda 333. Hakuna malipo. Ukiwa hapo, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, huenda wewe ndiye "Mariam" wa meseji ya mtu mwingine.

Wanaojifanya huduma kwa wateja nao wanasomeka kwa namba. Tanzania, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, imekuwa ikiwaambia wananchi kwamba mtoa huduma humpigia mteja kwa namba 100 tu. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000. Akikupigia mtu kwa namba nyingine ya kawaida ya tarakimu kumi akisema anatoka makao makuu, hata Truecaller ikiandika "Huduma kwa Wateja" na picha ya nembo, jina hilo amejiandikia mwenyewe siku anajisajili. Kata.

Angalia sana akikuambia ubonyeze kitu. *21* ikifuatwa na namba na # ni amri ya kuelekeza simu zako zote kwenda kwa namba hiyo. Ukiibonyeza, tarakimu za uthibitisho zinazotolewa kwa kupigiwa zinamfikia yeye. Kukagua ni *#21#, na kufuta maelekezo yote ni ##002#. Amri hizi mbili zinafaa kuandikwa nyuma ya mlango.

Turudi kwenye programu, kwa sababu ina kasoro ambazo matangazo yake hayasemi. Laini isiyotumika hurudi sokoni ikapewa mtu mpya, lakini jina la zamani linabaki. Binti amenunua laini Dodoma, kila anayempigia anaona "Tapeli Viwanja". Kinyume chake pia hutokea, jina la heshima likabaki kwenye namba iliyohamia mikono mibaya. Usijitetee pia kwa tarakimu za mtandao: tangu kuhama mtandao bila kubadili namba kuruhusiwe, Kenya mwaka 2011 na Tanzania 2017, mwanzo wa namba hauthibitishi tena laini iko kampuni gani.

Halafu inataka intaneti. Ukiwa mjini kwenye 4G jina linatokea pamoja na mlio wa kwanza. Ukiwa kijijini ambako kioo kinaonyesha herufi E, yaani mtandao wa zamani wa polepole, data kwa kawaida husimama simu ya sauti inapoingia, na jina hufika umeshapokea au halifiki kabisa. Bila bando, unabaki na orodha ndogo ya wasumbufu iliyohifadhiwa ndani ya simu.

Toleo la bure limejaa matangazo, likiwemo lile linalotanda kioo kizima ukimaliza kuongea. Unagusa pabaya unajikuta dukani. Kulipia kunaondoa matangazo na kukuonyesha nani ametazama wasifu wako, jambo ambalo kwa ulinzi halina maana yoyote. Kwa iPhone hadithi ni nyingine. Apple haikuwa ikiruhusu programu ya nje kuiona simu inapoingia, kwa hiyo kwa miaka mingi Truecaller ilitegemea orodha iliyopakuliwa. Utambuzi wa papo kwa papo ulifika Januari 2025, kwa iOS 18.2 na kuendelea, na kwa wanaolipia. Ukiiweka, nenda mipangilio ya simu, sehemu ya kuzuia na kutambua wapigaji, uwashe vitufe vyote vya Truecaller. Wengi huwasha kimoja kisha wanailaumu programu.

Kwa Android, nyota tatu na nusu kati ya tano, na moja nzima kati ya hizo ni ya kuzuia kodi na mfululizo. Kwa iPhone bila kulipia, mbili.

Kilichopunguza nyota zaidi ni faragha. Namba yako inaweza kuwemo humo hata kama hujawahi kuisakinisha, na jina ulilopewa hukulichagua. Tovuti yao iliwahi kudukuliwa, Julai 2013. Ukitaka kutoka, kufuta programu kwenye simu hakutoshi. Kama una akaunti, ingia kwanza kituo cha faragha ndani ya programu uifunge. Kisha nenda ukurasa wao wa kuondoa namba, uandike namba kuanzia kodi ya nchi, +255 au +254, ukiacha sifuri, na uthibitishe. Inaweza kuchukua saa 24. Kwa fundi, dereva wa bajaji au muuza vipuri hatua hii ina bei yake: mteja mpya akipigiwa ataona tarakimu tupu, na tarakimu tupu siku hizi watu hawapokei.